Uria Alifuatwa Misri

Sura ya 26 ya kitabu cha Yeremia inawataja manabii wawili waliosema neno moja wakapata mwisho tofauti. Uria mwana wa Shemaya alitabiri maangamizi ya Yerusalemu, mfalme Yehoyakimu akataka kumuua, naye akakimbilia Misri. Hakupona. Mfalme alituma watu, wakamtoa huko ugenini wakamrudisha, akauawa kwa upanga. Yeremia, aliyesema yale yale akiwa nyumbani, alinusurika kwa kuwa Ahikamu mwana wa Shafani alisimama upande wake. Wahubiri humsifu Yeremia na kumpita Uria haraka, kana kwamba kukimbia ni upungufu wa imani. Kisa chenyewe hakisemi hivyo: kilichowatofautisha ni mtu wa tatu. Nami naona hapo ndipo pa kuanzia tunapouliza iwapo mwandishi wa habari aliye uhamishoni ana dhambi akinyamaza kwa kutishwa.

Vitisho vya leo mara nyingi havihitaji hata kumfuata mtu Misri. Mwaka 2017 mahakama ya Iran ilizuia mali za watu zaidi ya 150 wanaofanya au waliowahi kufanya kazi na idhaa ya Kiajemi ya BBC yenye makao London, na jamaa zao waliobaki nyumbani wamekuwa wakiitwa kuhojiwa. Mwandishi yuko salama, mama yake hayuko. Fikihi ya Kiislamu ililitazama jambo hili kwa makini kuliko wengi wetu. Ammar bin Yasir aliteswa Makka hadi akatamka maneno ya kuikana imani, na aya ya 106 ya Surat An-Nahl inamwondolea lawama aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia. Lakini wanazuoni hao hao hawakumruhusu mtu kumuua asiye na hatia ili ajiokoe mwenyewe. Kwa kipimo hicho, anayeweka kalamu chini ili mzazi wake asitiwe ndani ana udhuru. Anayekubali kuandika uongo wa kumfunga mwenzake hana.

Mtu atapinga: tukikubali udhuru huo, wote watanyamaza na mtawala atakuwa amepata alichotaka. Pingamizi hili lina uzito, ila linadhani kwamba kweli ni mzigo wa mtu mmoja. Mimi naiona kuwa fardhi ya kifaya, kama kumzika maiti: wakiitekeleza wachache, wengine wameondokewa na dhima, wakiiacha wote, wote wana makosa. Udhuru wa mwandishi haulifuti jukumu, unalihamishia kwa mhariri anayeweza kuichapisha habari bila jina la mwenyewe, kwa askari na kwa hakimu wa nchi aliyokimbilia. Wapo pia wasemao kwamba aliyeko ng'ambo anajitia ushujaa kwa damu ya nduguze. Ni kweli kwamba anapaswa kuwasikiliza kwanza, maana watakaobeba madhara ni wao. Hata hivyo anayewaumiza ni yule anayewakamata, na kumgeuzia mwandishi kosa hilo ni kumfanyia mtesaji kazi yake.

Kenya ina deni katika jambo hili. Mwanahabari Arshad Sharif alitoka Pakistan Agosti 2022 akikabiliwa na mashtaka ya uchochezi, akapitia Dubai, akafika Nairobi. Tarehe 23 Oktoba polisi walilimiminia risasi gari alimokuwa, katika kaunti ya Kajiado, wakasema walilidhania gari la wizi. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado iliamua kwamba mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria, ikaamuru fidia ya shilingi milioni 10. Hata tukiyakubali maelezo ya polisi neno kwa neno, mgeni aliyekimbia aliuawa na wenye dhamana ya kumlinda. Fidia hailipi deni hilo. Wahariri wa Nairobi, ambao hawana udhuru wa Ammar, wasiache kuuliza kesi ya askari waliofyatua risasi imefika wapi.