Mabaki ya Jikoni Yaende kwa Nani?



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kamembe nikakuta jiko la mama limekarabatiwa: vigae ukutani, sinki jipya, na maji yanatoka ndani. Pesa alituma kaka yetu aliye Ubelgiji, na alikuwa bado na zawadi moja. Alitaka kutununulia ile mashine inayofungwa chini ya sinki. Unatupa mabaki ya chakula, unafungua maji, nayo inayasaga na kuyaondoa pamoja na maji machafu. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma dini, unasemaje?" Nilicheka. Sikuona dini inaingiaje kwenye bomba la sinki.

Kumbe swali lilikuwa na mzizi mwingine. Kwa miaka mingi mama humpa jirani yetu wa chini maganda ya ndizi, viazi na mihogo. Jirani huyu ni mjane, ni Mkristo, na alikuwa na mbuzi wawili. Mwaka huu aliwauza akanunua nguruwe, kwa kuwa nguruwe hukua upesi na karo haingoji. Baba mdogo alipopata habari akasema kwamba sasa tunalisha haramu. Hapo ndipo mashine ya kaka ilipoonekana kama rehema. Maganda yangepotea kimya kimya, na mama asingelazimika kumwambia jirani yake neno gumu.

Nilianza na mashine yenyewe. Si kitu kipya. Mmarekani John Hammes, msanifu majengo wa mji wa Racine, aliibuni mwaka 1927. Hata hivyo haikupokelewa kila mahali. New York iliikataza kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya mji kwa kuhofia mabomba ya maji machafu, na iliiruhusu majumbani mwaka 1997. Na huko angalau yapo mabomba ya mji mzima na mitambo ya kusafisha maji. Nyumba yetu ina shimo uani.

Anayeijua Kamembe anajua kwamba tunaishi juu ya vilima, na kila nyumba ina nyumba nyingine chini yake. Shimo letu likijaa uji wa maganda na mafuta ya kupikia, litafurika, na mvua zetu mnazijua. Uchafu utapita kwanza uani kwa yule mjane, kisha utafuata mtaro hadi ziwa Kivu, tunakovua sambaza. Ziwa nalo linautoa mto Rusizi, na kwenye mto huo taka za plastiki zimekuwa zikiziba mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, lakini chupa bado zinaelea. Mtu anatupa kitu mtaroni asubuhi, jioni analalamika umeme umekatika, na haunganishi mambo hayo mawili.

Katika somo la kanuni za fiqhi tunafundishwa kwamba madhara ni lazima yaondolewe, na papo hapo tunafundishwa kwamba hayaondolewi kwa madhara mengine yanayolingana nayo. Suyuti ameiweka kanuni hiyo katika kitabu chake, na Ibn Nujaym vilevile. Mimi niliihifadhi kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba inahusu sinki la mama. Lakini ukiitazama, mashine ile isingeondoa uchafu wetu. Ingeuhamisha kutoka mahali tunapouona hadi mahali ambapo mwingine ndiye anauona, tena mwingine mwenyewe ni yule yule tuliyetaka kumkwepa kwa adabu.

Likabaki suala la nguruwe, na hapa sitaki kumdharau baba mdogo. Ana dalili yake: Qur'ani katika Suratul Maida imetukataza kusaidiana katika dhambi. Kama tungekuwa washirika katika biashara ile, au tunamuuzia maganda kwa sehemu ya faida, ningesimama upande wake. Wanazuoni wenyewe wametofautiana hata juu ya hadhi ya mnyama huyu mikononi mwa asiyekuwa Mwislamu. Kwa Hanafi ni mali yake, na Mwislamu akimharibia analipa. Kwa Shafi, madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, hakuna fidia.

Lakini sisi hatuuzi wala hatununui nguruwe. Ganda la ndizi ni halali, jirani ana haki juu yetu awe wa dini yoyote, na mnyama mwenye njaa ni mnyama mwenye njaa. Mtume (s.a.w.) alisimulia habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na alipoulizwa kama tuna ujira kwa wanyama akajibu kwamba upo kwa kila kiumbe hai. Mimi naona mama aendelee kutoa maganda, asipokee chochote kwa malipo yake. Wallahu aalam, na mwenye elimu zaidi anirekebishe katika toleo lijalo.

Kuna jambo moja zaidi nililoliona nikiwa naosha vyombo, ambayo ndiyo kazi yangu kila nirudipo. Maganda hayakuwa tatizo letu kubwa. Tatizo lilikuwa ugali na wali tunaoumwaga kila tukipata wageni, sufuria nusu nzima, kwa sababu tunaona aibu wageni wakimaliza chakula. Tumefundishwa kuokota tonge lililoanguka, kulifuta na kulila. Tumefundishwa kutostanji kwa mifupa kwa kuwa ni chakula cha ndugu zetu majini. Dini inayohesabu mfupa na tonge moja itasemaje juu ya nusu sufuria? Ndoo ya taka ina faida hii: inanuka. Ukiifungua siku ya pili inakueleza ulichofanya jana. Mashine ingeyamaliza yote kwa sekunde chache, na mama wa watu asingejua kamwe amemwaga kiasi gani kwa mwezi.

Nilimwambia mama hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nisimhubirie kuhusu wageni wake. Baada ya siku mbili alimpigia kaka na kumwomba pesa ile ile kwa kazi nyingine. Alinunua ndoo mbili zenye vifuniko na sufuria ndogo ya wali. Ndoo moja ni ya maganda ya jirani. Nyingine ni ya mabaki yaliyopikwa, ambayo tunayafukia kwa tabaka za majivu na udongo nyuma ya migomba, pamoja na miiba ya samaki, chini kabisa mbwa wasifukue. Plastiki inasubiri watu wa kukusanya taka.

Kaka alinuna kidogo, anasema tunapenda kubaki nyuma. Baba mdogo naye hajaridhika. Siku hizi akija kutusalimia hupitia nyuma kwanza, anafungua ile ndoo ya maganda na kuchungulia, kisha ndipo anabisha hodi.