Utakuwa Jirani wa Nani?

Masomo: Mwanzo 13, 14, 19 na 23



Swali linaloletwa sana ofisini tangu mwaka uanze ni la ploti. Mtu anaingia, anasalimia, anaketi, kisha anatoa simu na kukuonyesha picha: nyasi, mgunga mmoja, na kilima kwa mbali. "Pastor, ni huku Isinya ndani. Nimechoka na Kitengela. Nihame ama nikae?" Siku chache baadaye anakuja mwingine na swali lilo hilo, ila limegeuzwa. Huyu amezaliwa huko ndani, upande wa Mashuuru. Amepata kazi EPZ, watoto wanakaribia kuanza shule, na anataka kuuza sehemu ya shamba la baba yake ili anunue nyumba kwenye esteti yenye geti na soja. Wote wawili wanauliza kitu kimoja: Mungu ananitaka wapi?

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hivyo nianze na hesabu. Bwana Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mjenzi wa mnara ambaye hakupiga gharama mapema, akaishia kuchekwa.

Ploti ya 50 kwa 100 huko ndani ni rahisi, hilo ni kweli. Lakini bei ya ploti ndiyo sehemu ndogo. Kuna kuvuta stima. Kuna maji: ama uchimbe kisima, ama uite gari la maji kila mara. Kuna udongo wetu mweusi, ambao mvua ikinyesha siku mbili hata mtu wa boda boda anakukataa. Kuna shule, na kuna ule usiku mtoto anashikwa na homa saa nane na hospitali iko mbali. Halafu kuna barabara. Ndugu anayefanya kazi Industrial Area na kulala Kajiado mjini anaweza kumaliza saa 4 garini kila siku, kwenda na kurudi. Siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, hizo ni saa 960. Gawanya kwa 24. Ni siku 40, mchana na usiku. Bwana wetu alizitumia siku kama hizo jangwani akifunga. Wewe utazitumia Mlolongo kwenye foleni ukimtazama makanga.

Esteti nayo ina daftari lake. Kodi au mkopo wa sako, pesa ya soja, pesa ya takataka, maji ya chumvi yanayokula birika, gari la kunyonya choo. Na kuna pesa ya kuishi kama jirani anavyoishi, ambayo haiandikwi popote lakini inalipwa kila mwezi.

Kama ingekuwa ni hesabu tu, ningesema mwenye watoto wa shule na kazi ya Nairobi akae, na aliyestaafu, au ambaye kazi yake iko huko huko, aende. Tungefunga kwa maombi.

Lakini chuoni tulifundishwa jambo lingine ambalo halijaniacha. Kuna gharama ambayo hailipwi na anayeuza wala anayenunua. Inalipwa na mtu wa tatu ambaye hakuitwa kwenye mkataba. Kiwanda kinauza, mteja ananunua, na anayekohoa moshi ni mama wa nyumba iliyo karibu. Nataka tumtafute huyo mtu wa tatu kwenye swali letu la ploti, kwa maana naamini Mungu anamwona, hata kama dalali hamwoni.

Wengi wetu tulikuja hapa miaka ya karibuni na tunadhani Kitengela ilizaliwa ikiwa mji. Sivyo. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria iliyoweka ardhi za Wamaasai chini ya ranchi za vikundi, kila ranchi ikiwa ya familia nyingi kwa pamoja. Ranchi ya Kitengela ilikatwa na kugawiwa wanachama mmoja mmoja mwishoni mwa miaka ya 1980. Baada ya hapo ikaja sheria ya EPZ ya mwaka 1990, viwanda vya Athi River vikaita wafanyakazi, wafanyakazi wakataka vyumba, na mwenye ekari akagundua kwamba ekari moja inatoa ploti nane. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta Kajiado nzima ina watu 687,312. Ya mwaka 2019 ilikuta 1,117,840, na Kitengela peke yake ilikuwa imepita 150,000.

Kwa hivyo ndugu anayekimbia Kitengela kwenda Isinya ndani anakimbilia Kitengela ya miaka ya 1990. Na sisi ndio tutakaoibadilisha. Tunafuata ukimya, tukifika tunaweka waya, jenereta na mbwa wanne. Miaka kumi baadaye tunaanza kulalamika kwamba pamejaa, na tunauliza habari za Bisil.

Waya ndio nataka tukae nao kidogo. Hifadhi ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke wakati wa mvua kuja huku kwenye nyanda zetu, kisha warudi. Ng'ombe wa Wamaasai walitembea hivyo hivyo, wakifuata nyasi na maji. Nchi kavu kama hii haimlishi mnyama anayekaa mahali pamoja. Ukiikata vipande vya nusu ekari na kila mtu azungushie chake, hata kama hakuna aliyevunja sheria, nchi imekufa. Wakati wa ukame wa mwaka 2022 sote tuliona mizoga kando ya barabara ya Namanga. Mvua ilikosekana, ndiyo. Lakini pia mfugaji alikuwa hana tena pa kupitisha mifugo.

Na wanyama wakibanwa wanaingia kwa watu. Juni 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela baada ya kuvamia mbuzi wa wenyeji. Waandishi walikuja, dunia ikalia. Sijui kama kuna aliyemlilia mwenye mbuzi.

Watu wenye nia njema walijaribu. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela wasiuze wala kuzungushia ardhi yao ua, dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na malipo yakapangwa yaje wakati wa karo. Wakati huo dola 4 ilikuwa kama shilingi 300. Mimi naheshimu sana wazee waliokubali pesa hiyo ilhali dalali amesimama getini na bahasha. Walikuwa wanaishi imani ambayo sisi tunaihubiri.

Sasa tufungue Mwanzo 13. Abramu na Lutu walikuwa na mali nyingi hata nchi ikawa haiwatoshi, na wachungaji wao wakaanza kugombana. Malisho na maji. Kajiado tunaijua kesi hiyo. Abramu ndiye mkubwa, na ahadi ni yake, lakini akamwachia kijana achague kwanza. Lutu akatazama bonde la Yordani, akaona lina maji na kijani, akachukua. Soma sura yote. Hakuna mahali Lutu anauliza ni nani anakaa huko, wala mjomba wangu akibaki huku atakula nini.

Wahubiri wengi tumetumia andiko hili kuonyesha kwamba mji ni mbaya na shamba ni takatifu. Naona tunalisoma nusu. Endelea mpaka mwisho wa sura ya 19. Lutu anatoka Sodoma, anaogopa hata kale kamji ka Soari alikokaomba mwenyewe, anapanda mlimani na kukaa pangoni na binti zake wawili. Hakuna jirani, hakuna mzee wa kumwendea, hakuna madhabahu. Yaliyotokea pangoni hatuwafundishi watoto wa Sunday school. Mji ulimharibu, na upweke wa mlimani ukammaliza. Alihama mara mbili akiwa mtu yule yule.

Abramu alibaki mashambani, Hebroni, kwenye mialoni ya Mamre. Nilikuwa nadhani Mamre ni jina la mahali tu. Sura ya 14 inasema Mamre alikuwa mtu, Mwamori, na yeye na ndugu zake Eshkoli na Aneri walikuwa wamefanya agano na Abramu. Yaani Abramu alipiga hema kwenye miti ya mtu, na akapatana na mwenye miti. Lutu alipotekwa pamoja na watu wa Sodoma, Abramu alitoka na vijana wake 318 kumkomboa, na majirani hao watatu walienda naye. Alikuwa mashambani lakini hakuwa amejificha.

Halafu kuna ile sura ya 23, ambayo ningependa kila mwenye kutafuta ploti aisome kabla ya kumpigia dalali. Sara amefariki. Abrahamu anahitaji kaburi. Mungu ameshamwahidi nchi yote, si pango moja. Lakini anasimama mbele ya Wahiti, anajitambulisha kama mgeni wao, anainama, anaomba. Efroni anataja shekeli 400 za fedha, na Abrahamu anazipima zote, mbele ya mashahidi, langoni mwa mji. Hakutumia ahadi ya Mungu kuomba apunguziwe. Ndugu yangu unayezunguka ploti mara saba ukiidai kwa imani, kumbuka pengine kuna mama ambaye bado anapika humo.

Sisemi kwa utani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mali ya ndoa isiuzwe bila idhini ya mume na mke. Shamba la kilimo na malisho linapitia bodi ya ardhi ya eneo. Na bado tunajua, wote tunajua, kwamba kuna wake waliofahamu shamba limeuzwa siku walipoona bikoni zimepandwa. Mnunuzi anasema hayo ni yao wenyewe, mimi nina hati. Sawa, una hati. Lakini ulikaa meza moja na mume, ukalipa haraka kwa sababu alikuwa na haraka, na hukuuliza mbona bei iko chini hivyo. Bei ilikuwa chini kwa sababu kuna mtu wa tatu aliyelipia tofauti.

Usidhani wa esteti nimemsahau. Yeye hajazungusha waya. Amenunua ukuta uliokwisha jengwa. Jirani wa mlango wa tatu anaugua miezi sita, na wewe unajua siku unapoona hema la matanga. Kikundi cha simu cha esteti kinajadili takataka na nani ameegesha vibaya, basi. Ukuta wa esteti na waya wa shambani ni kitu kimoja, kama mioyo iliyo ndani ni mmoja. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge, wapande bustani, na wauombee mji ule mema. Babeli! Kama wao waliweza kuuombea mji uliowateka, wewe umeshindwaje kujua jina la mama wa mlango wa tatu?

Kwa hivyo mtu akiniuliza akae ama ahame, siku hizi namrudishia swali: ukifika, utakuwa jirani wa nani, na yeye atajuaje? Kijana wa Mashuuru, kabla hujauza, mama yako amesema nini? Ndugu zako wadogo watachunga wapi? Kuhamia mjini si dhambi, na karo ni karo. Pengine kukodisha malisho kunatosha kulipia chumba Kitengela mpaka ujue mji. Usiuze kitu ambacho hakiwezi kununuliwa tena ili upate kitu ambacho kinajengwa kila siku.

Na wewe unayetaka kwenda huko ndani: wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la huku ni nini? Ni kujua njia za mifugo. Ni kuacha upande mmoja bila waya. Ni kisima chako kuwa na bomba nje ya geti. Ni kujifunza kusalimu kwa Kimaasai kabla ya kujifunza bei ya ekari.

Kuna ndugu na mkewe katika ushirika wa nyumbani wa upande wetu ambao wana pesa tayari. Niliwaomba kitu kimoja, kwamba kabla ya malipo ya kwanza waende huko bila dalali, wamtafute mzee ambaye boma lake liko jirani. Walienda na sukari na majani ya chai. Mzee aliwapokea vizuri, akawaita wanangu, wakanywa chai. Kisha akawauliza, mkishaweka ua hapa, ng'ombe wangu watapita wapi kwenda majini? Dalali hakuwa amewataja ng'ombe. Ploti iko katikati ya njia.

Dada anataka waache kabisa. Ndugu anasema waulize kama kuna nyingine pembeni. Hawajakubaliana na pesa bado iko benki. Jumamosi hii wanarudi. Mzee amesema atatembea nao toka bomani mpaka kisimani, waione njia kwa miguu yao.