Goti limevunjika, je, na matumaini?

NILIKUWA nimepanda bodaboda nikitoka Bunda kwenda Butiama kwenye maziko ya mzee wa ukoo wetu. Tulipofika penye changarawe tuliteleza, na pikipiki ikaniangukia mguu wa kulia. Maziko sikuyawahi. Usiku ule nililala hospitali, na picha ya eksirei ikaonesha kuwa sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, pale panapolibeba goti, imepasuka na kudidimia.

Daktari alinieleza kwa upole kuwa mfupa wa hapo si sawa na mfupa wa katikati ya mguu. Pale ndipo uzito wa mwili unapotua, na ndipo panapotakiwa pawe laini ili kiungo kiteleze. Pakiungana vibaya, goti litamsumbua mtu umri wake wote. Nikapelekwa Mwanza, nikawekewa vyuma, nikarudi Musoma na magongo mawili pamoja na amri ya kutoukanyagia mguu ule kwa wiki 12. Baada ya hapo, mazoezi ya miezi mingi.

Ndugu msomaji, sielezi haya ili nionewe huruma. Wapo waliopatwa na makubwa zaidi. Ninayaeleza kwa sababu kitanda kilinipa swali ambalo nilipokuwa mzima sikuwahi kuliuliza. Kila anayekuja kumjulia hali mgonjwa humwambia awe na matumaini. Matumaini ya nini hasa? Na je, mtu anaweza kutumaini bila kujidanganya?

Wageni wangu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walisema, "Usijali Mzee, mwezi mmoja tu utaukimbia mpira." Wa pili walitikisa kichwa wakasema, "Goti likishavunjika ndiyo basi tena. Mshukuru Mungu umebaki na roho." Wote walikuja kwa mapenzi na wote niliwashukuru. Lakini walipoondoka nilijikuta sina kitu mkononi. Yule wa kwanza aliniahidi jambo asilolijua, na yule wa pili alikata tamaa kwa niaba yangu, kisha akaipa tamaa iliyokatika jina la kuridhika.

Daktari peke yake ndiye aliyesema neno la kushika. Alisema, "Kutembea utatembea ukifanya mazoezi. Ila kukunja goti kama zamani siwezi kukuahidi." Nilimuuliza kuhusu kikao cha tahiyatu. Akafikiri kidogo, akasema goti likifika nyuzi 90 mtu hukaa kitini vizuri, lakini kukalia mguu kunataka zaidi sana ya hapo.

Hapo ndipo niliposikia maumivu ya kweli. Nimeswali juu ya mkeka tangu utotoni. Kuona kwamba huenda nitamaliza umri wangu nikiswali kitini, mwishoni mwa safu, kulinivunja kuliko ile pikipiki.

Sasa tuitazame dini yetu inasemaje. Katika Suratu Yusuf (12:87) Nabii Yaaqub (a.s.) anawakataza wanawe wasikate tamaa na rehema ya Allah, na anawaambia kuwa wanaoikatia tamaa ni watu makafiri. Wengi tunaikumbuka nusu hii. Tunasahau kuwa katika aya hiyo hiyo mzee yule anawaamuru kwanza waondoke wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Hakuwaambia wakae nyumbani wangojee. Matumaini yake yalikuwa na safari ndani yake.

Tazama pia kisa cha Nabii Ayyub (a.s.) katika Suratu Swaad. Baada ya kuugua kwa muda mrefu alimlilia Mola wake, na Mola akamjibu. Lakini jibu lilikuja na kazi. Aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, ndipo yakatoka maji ya kuoga na ya kunywa. Allah (s.w.) hakuhitaji mguu wa mgonjwa ili kuyatoa maji yale. Hata hivyo alimtaka mgonjwa autikise mguu.

Wanazuoni wetu walitofautisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Kuna rajaa, ambayo ni kutaraji huku umeshafanya sababu. Na kuna tamani tupu, ambayo ni kutaka matokeo bila ya sababu. Mkulima wa pamba kule Bunda aliyelima, akapanda na kupalilia, kisha akatazama mawingu, huyo anataraji. Aliyeacha shamba na majani yake akaketi kutazama mawingu yale yale, huyo anaota. Mvua ni ya Allah kwa wote wawili, ila mmoja tu ndiye mvua itakayemkuta na mbegu ardhini.

Kwa mgonjwa wa goti, mbegu ni mazoezi. Na mazoezi yale yanauma. Msuli wa paja husinyaa haraka mguu usipotumika, na kiungo kilicholazwa muda mrefu hukakamaa. Kulirudisha ni kulikunja kidogo leo na kidogo zaidi kesho, huku jasho likikutoka. Atakayeacha kwa kusema "yote ni qadari" na akumbuke kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) pale Sargh, alipopata habari ya tauni Sham akaamua kurejea. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Jibu lake lilikuwa kwamba anaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Kuvunjika ni qadari, na mazoezi nayo ni qadari.

Lakini lipo swali gumu zaidi, na si uungwana kulikwepa. Je, mtu akifanya yote hayo na goti lisirudi? Matumaini yake yatakuwa yalikuwa uongo?

Hapa nilisaidiwa na kumbukumbu ya Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City. Njiani alianguka katika msukumano wa wakimbiaji, akaumia vibaya goti na bega. Walianza wakimbiaji 75 na 18 kati yao hawakumaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani saa moja na zaidi baadaye, giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, akichechemea. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake haikumtuma kote kule ili aanze mbio tu, bali azimalize.

Tumaini la Akhwari la kushinda lilikufa pale alipoanguka, na angejidanganya kama angeendelea nalo. Lililobaki ni tumaini jingine, la kumaliza, nalo lilikuwa la kweli. Hakuacha kutumaini. Alibadilisha anachokitumainia. Na hata goti lenyewe lilimshuhudia baadaye, kwani mwaka 1970 alishika nafasi ya 5 katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili lina msingi imara zaidi, kwa sababu tumaini letu la mwisho haliko kwenye goti. Urwa bin Zubayr, mtoto wa Asma binti Abubakar (r.a.) na mmoja wa mafakihi wakubwa wa Madina, alikatwa mguu akiwa safarini Sham, na katika safari hiyo hiyo akafiwa na mwanawe. Imepokewa kuwa alimshukuru Allah kwa viungo na watoto aliobakishiwa. Mguu wake haukurudi. Je, tunaweza kusema mtu yule hakuwa na matumaini? Alikuwa nayo, ila yalimwelekea Mwenye viungo.

Na katika swala, ambayo ndiyo iliyoniliza, nimekuta rehema niliyokuwa nikiisoma bila kuiona. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi, akaumia ubavu, akaswali amekaa. Imran bin Huswayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa kulala ubavu. Na katika Bukhari imo hadithi kuwa mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Basi kiti changu mwishoni mwa safu si adhabu. Kilichonisumbua, kusema kweli, huenda kilikuwa ni kuonekana nimekaa.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sote. Mtaani kwetu yupo kijana wa bodaboda aliyevunjika goti miezi michache kabla yangu. Leo mguu wake umekakamaa kama mti. Watu husema, "Yule amekata tamaa, hataki mazoezi." Nami nilisema hivyo hivyo mpaka nilipokaa naye. Kumbe kwenda hospitali na kurudi ni nauli, na hawezi kupanda gari la abiria kwa kusongamana, lazima akodi. Chakula cha siku kilitegemea pikipiki aliyokuwa akiiendesha. Mkewe anauza dagaa sokoni, na fedha ile ikigawanywa baina ya unga na nauli, unga hushinda. Kijana yule hakukosa imani. Alikosa nauli mara mbili kwa wiki.

Tulimwendea kwa zamu, tukamsomea dua, tukampa machungwa, tukamhimiza kusubiri, tukaondoka. Mimi nilikuwa na watoto wa kunilipia gari, ndiyo maana leo naweza kuandika habari za matumaini. Hebu tujiulize, ni halali kumwamrisha mtu atumaini huku sababu za kutumaini tumezishika sisi mifukoni? Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Ziara hiyo ingekamilika kama mwishoni tungeuliza, "Lini unatakiwa hospitali, na utafikaje?" Msikiti wenye waumini 100 hauwezi kushindwa nauli ya mgonjwa mmoja.

Wakazi wa Musoma wanaikumbuka hospitali ya Kwangwa ilivyokaa miongo mingi bila kukamilika, hata baadhi yetu tukalizoea gofu lile kama sehemu ya kilima. Leo inapokea wagonjwa. Haikukamilishwa na waliosema itakwisha tu, wala na waliosema haitakwisha. Ilikamilishwa na waliotafuta saruji.

Huu ni mwezi wa 9 tangu nianguke. Natembea kwa fimbo moja. Goti linafika nyuzi 100 na ushei, tahiyatu ya mkekani bado, na huenda isirudi. Kila baada ya Alfajiri nalikunja, nalinyoosha. Tangu mwezi uliopita kijana wa bodaboda tunakwenda naye kwa gari moja, na nauli wanachanga jamaa wanne wa safu ya mbele.

Tumuombe Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira yenye kazi ndani yake, na atufanye sisi wazima kuwa sababu ya matumaini yao. Wabillahi tawfiq.