Mungu Yuko Macho: Fimbo ya Mlozi na Makadamia ya Mama

Somo letu ni Yeremia 1:11-12.

Mungu anamuuliza Yeremia anaona nini. Kijana anajibu, fimbo ya mlozi. (Niseme mapema: huu ni mti wa lozi, si yule mlozi mnayemuogopa kijijini!) Kwa Kiebrania lozi ni shaked, na kuwa macho ni shoked. Ni kama Mungu anamwambia: umeona mlozi, basi nami niko macho mpaka neno langu litimie. Kule Israeli mlozi huchanua kabla ya miti mingine, baridi ikiwa bado haijaisha. Lakini ua si lozi. Katikati kuna miezi ya kungoja.

Sisi wa Embu na Meru shambani tuna makadamia, na hapo ndipo nilipoanguka.

Nimesomea biashara, hesabu naijua. Januari moja karo ilinibana, dalali akaja usiku na pesa mkononi. AFA walikuwa wamefunga msimu, na mimi nilijua. Nikaangua miti ya mama yangu, ganda la ndani likiwa bado jeupe. Makadamia hukaa kama miezi saba kutoka ua hadi kukomaa, na mafuta hujaa mwishoni. Kiini kilichokomaa kikikauka huelea majini, kichanga huzama. Dalali alipasua chache, akatikisa kichwa, akakata bei nusu. Ningefanya nini? Tunda likishaanguliwa halirudi mtini.

Usiku ule nilidhani walio macho ni wawili tu, mimi na dalali.

Mama hakugomba. Aliuliza tu, "Pasta, Jumapili ile ulituhubiria nini vile?" Nilikuwa nimehubiri kumngoja Bwana. Nilimlipa mama kidogo kidogo, bei ambayo angepata Machi, na ikanichukua mwaka mzima.

Sasa, wengine wenu mmeuza maua. Mti haujazaa na pesa ishaliwa. Siwahukumu, naujua huo usiku. Na kuna mnaoangua mapema kwa kuogopa wezi. Hilo si dhambi ya mjane peke yake, ni letu sisi wanaume tunaolala jirani yake.

Jumatano baada ya maombi nitabaki kanisani. Mwenye deni la dalali alete karatasi aliyotia sahihi, tupige hesabu pamoja. Wanaume, mje na tochi. Tunapanga zamu za kulinda mashamba ya wajane mpaka msimu ufunguliwe, na zamu ya kwanza ni yangu.