Bei ya Haki ya Kitu cha Anasa

Tunapozungumza kanisani juu ya bei ya haki, aghalabu tunazungumza juu ya sukari, dawa, mahindi na nauli. Ni sawa, maana hapo ndipo maskini anapoumizwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo swali lenyewe halionekani vema. Huruma hutangulia, na tukiisha kumhurumia mwenye njaa twadhani tumekwisha kulijibu swali la haki. Mwezi huu nataka tulitazame swali hilo mahali ambapo hakuna mwenye njaa hata mmoja. Nimechagua motokaa za mbio ambazo hutengenezwa chache tu na kuuzwa kwa matajiri huko Marekani. Hakuna atakayekufa kwa kuikosa motokaa ya namna hiyo. Anayeiuza ana mali, na anayeinunua pengine ana mali zaidi. Ikiwa hata hapo tutaona kuna jambo la haki na jambo la dhuluma, tutakuwa tumejua kwamba haki si jina jingine la huruma.

Yafaa kwanza kueleza jinsi biashara hiyo inavyokwenda. Katika Marekani mtengenezaji kwa kawaida hamwuzii mnunuzi moja kwa moja. Humwuzia wakala, ambaye ni mfanyabiashara anayejitegemea, na sheria za majimbo mengi zamlinda wakala huyo. Mwaka 1958 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, iliyoletwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, kwamba kila motokaa mpya iwe na karatasi iliyobandikwa kiooni, na juu yake iandikwe bei aliyoipendekeza mtengenezaji. Angalieni neno hilo, "aliyoipendekeza". Sheria yataka bei ionekane, haimlazimishi wakala kuifuata. Kwa hiyo motokaa ikiwa adimu, wakala aweza kubandika karatasi ya pili kando ya ile ya kwanza, akaandika "marekebisho ya soko", na mbele yake dola elfu hamsini au laki moja. Katika miaka ya 2021 na 2022, chipu za kompyuta zilipokuwa haba duniani, karatasi hizo za pili zilionekana hata kwenye motokaa za kawaida za watu wa kawaida.

Sasa tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2016 kampuni ya Porsche ilitoa motokaa iitwayo 911 R. Zilitengenezwa 991 tu kwa dunia nzima. Bei ya kiooni katika Marekani ilikuwa dola 184,900. Haikupita miezi mingi zikawa zauzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, na baadhi yake zilikuwa hazijatembea safari ya maana. Mwalimu wa hesabu angeuliza: zile fedha za ziada zimetoka wapi? Mtengenezaji hakuongeza kitu, maana chuma ni kile kile na injini ni ile ile. Wakala hakuongeza kitu. Mnunuzi wa kwanza, aliyeifungia bandani mwezi mmoja kisha akaiuza, naye hakuongeza kitu. Fedha hizo zilitoka katika hamu ya mtu mwingine, yule aliyekosa.

Hapo ndipo Mtakatifu Tomaso wa Akwino anapotufaa. Katika karne ya 13 aliandika juu ya kuuza na kununua, akauliza kama ni halali kuuza kitu zaidi ya thamani yake. Jibu lake lina hekima ambayo wengi hawaitarajii. Asema kwamba ikiwa muuzaji ataumia kwa kukiacha kitu chake, aweza kuongeza bei ili kufidia maumivu hayo, kwa kuwa hasara ni yake mwenyewe. Lakini ikiwa muuzaji haumii, ila mnunuzi tu ndiye anayekihitaji mno, basi muuzaji asipandishe bei kwa sababu hiyo. Kwa nini? Kwa kuwa ile haja imo ndani ya mnunuzi. Si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kitu kisicho chake. Naona hoja hii ni nzito kuliko mahubiri mengi juu ya uchoyo. Haimwambii wakala kwamba ana roho mbaya. Yamwuliza tu: hii unayoiuza, ni yako?

Nilimweleza hayo mwanafunzi wangu mmoja wa zamani ambaye sasa ni mfanyabiashara, naye akanijibu vizuri kuliko alivyokuwa akijibu darasani. Alisema: "Mwalimu, ukimzuia wakala asizichukue zile fedha, hazitapotea. Atazichukua mnunuzi wa kwanza, ambaye ataiuza motokaa kesho yake. Wema wa wakala haujamwokoa yule aliyekosa. Umebadilisha tu mfuko. Basi kwa nini asizichukue wakala, ambaye angalau ana duka, ana wafanyakazi na analipa kodi?"

Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Kwa kweli, kama bei ni hesabu tu, mwanafunzi wangu ameshinda. Lakini mimi nasema kwamba bei iliyotangazwa si hesabu tu, ni neno. Mtengenezaji anapotangaza kwamba motokaa hii ni dola kadha wa kadha, amesema neno mbele ya watu wote, na watu wamelipokea. Yuko aliyeuza motokaa yake ya zamani kwa kulitegemea neno hilo. Yuko aliyeweka amana kwa wakala, akangoja mwaka mzima. Siku motokaa inapofika, anaitwa na kuambiwa kwamba soko limebadilika, aongeze dola elfu hamsini au airudishiwe amana yake. Pengine katika mkataba wake hapakuandikwa bei, na kwa hiyo mbele ya sheria hana la kusema. Mbele ya Mungu, hata hivyo, ameambiwa ndiyo na sasa aambiwa siyo. Bwana wetu, katika hotuba ya mlimani, alipotuagiza juu ya ndiyo na siyo zetu, hakuweka pembeni watu wanaonunua vitu vya anasa.

Wala sisemi kwamba kila anayeuza kwa bei ya juu ametenda dhambi. Mtu akiipeleka motokaa yake mnadani, kila mmoja ajua tangu mwanzo kwamba bei haijulikani, na mwenye fedha nyingi ataichukua. Hakuna aliyedanganywa. Naweza kuuona mnada kuwa mchezo wa kipuuzi wa watu wenye fedha, lakini siuoni kuwa uongo. Kosa ninalolisema ni kutangaza bei moja ili watu waje, na kuuza kwa nyingine wakiisha kuja.

Na neno hilo lamfunga mnunuzi pia. Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipopita haraka. Yeye alidhani kwamba ukiuziwa kwa bei ya kiooni, tofauti iliyobaki kati ya bei hiyo na bei ya soko imekuwa yako, ufanye upendavyo. Je, ni kweli? Kampuni ya Ford ilijaribu jambo hili. Ilipotangaza motokaa yake ya Ford GT, yenye bei ya kama dola 450,000, haikuwaachia mawakala wachague wanunuzi. Mwaka 2016 iliwataka watu waombe kwa maandishi. Yalikuja maombi 6,506 kwa motokaa 500 za kwanza. Walipendelewa waliokuwa na GT ya zamani na wale walioonekana wataiendesha kweli. Kila aliyechaguliwa aliweka sahihi kwamba hataiuza kabla ya miaka miwili. Mmoja wao, John Cena, mcheza mieleka na sinema, aliipokea yake mwaka 2017, akaiuza baada ya wiki chache. Ford ikamshtaki mwaka ule ule. Mwaka 2018 walipatana. Cena akaomba radhi, na fedha alizolipa zikaelekezwa katika kazi ya hisani.

Wapo waliomcheka Ford: ameuza, kwa nini amfuate mtu na mali yake? Mimi naona Ford haikuuza tu. Ilisema: tunakupa wewe, na kuwaacha wenzako elfu sita, kwa sababu wewe umesema utaiendesha. Ile tofauti ya bei haikuwa zawadi kwa mnunuzi. Ilikuwa ni sehemu ya mapatano, iliyowekwa ili mwendeshaji apate motokaa pasipo kushindana na mlanguzi. Anayeipokea kama mwendeshaji na kuiuza kama mlanguzi amechukua mahali pa mtu ambaye jina lake hatalijua kamwe. Porsche nayo ilijifunza. Ilipotoa 911 S/T mwaka 2023, motokaa 1,963 tu, za kama dola 290,000, wateja wa Marekani walitakiwa kuikodi mwaka wa kwanza, ndipo waimiliki. Ni dawa kali kidogo, na inasikitisha kwamba watu wazima hawakuweza kuaminiwa kwa neno lao.

Wasomaji wa umri wangu watakuwa wamekwisha kutabasamu waliposoma neno mlanguzi. Twalijua. Miaka ya mwanzo ya 1980 sisi pia tulikuwa na bei mbili, ya serikali na ya magendo, na mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliendesha msako mkubwa dhidi ya waliohujumu uchumi. Bidhaa zetu zilikuwa sabuni na sukari, wala sitaki kuzilinganisha na motokaa za matajiri. Lakini tulijifunza jambo moja ambalo wanunuzi wa Marekani nao wanalijua leo. Bei yaweza kubaki ile ile ukutani na bado isiwe bei. Nakumbuka duka moja ambalo liliuza sukari kwa bei ya serikali kabisa, ila kwanza ununue majembe mawili yaliyokosa wateja. Mimi nilikuwa mwanachuo wa ualimu, sina hata kitalu cha mchicha. Mkaguzi angekuja angeona bei sahihi.

Basi wapo mawakala wanaofanya vivyo hivyo. Motokaa adimu watakuuzia kwa bei ya kiooni, bila senti zaidi, lakini kwanza uwe umenunua kwao mbili tatu nyingine ambazo hukuzitaka. Wengine huiweka kwa rafiki, au kwa mteja mkubwa, na yule aliyeandika jina lake mapema huambiwa orodha imejaa. Kwa maoni yangu huyu ni mbaya kuliko yule wa karatasi ya pili. Wa karatasi ya pili ameandika tamaa yake kiooni kila mtu aisome. Huyu mwingine ameificha, kisha anataka asifiwe kwa kufuata bei. Mtume Yakobo aliyewakemea Wakristo kwa kumkalisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri angelitambua duka hilo. Wakala mwenye haki, nijuavyo mimi, ni yule anayeandika majina kwa jinsi watu walivyokuja, anayetaja bei siku ya kwanza, na kuishika siku ya mwisho hata kama ameumia moyo kidogo. Wapo wa namna hiyo, na wateja wao huwajua.

Limebaki swali la mnunuzi aliyebahatika. Amepewa kwa dola laki moja na themanini kitu ambacho jirani yake angekitolea laki nne. Je, ana deni? Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, katika kitabu chake juu ya Utatu alisimulia juu ya mchekeshaji mmoja aliyewaahidi watu kwamba atawaambia siri ya mioyo yao wote, kisha akasema kwamba wote hupenda kununua rahisi na kuuza ghali. Watu wakashangilia. Lakini Agostino akasema anamjua mtu aliyeletewa kitabu anunue, akaona muuzaji hajui thamani yake na ndiyo maana ataka kidogo, naye akampa bei yake ya haki, ambayo muuzaji hakuitegemea.

Je, mnunuzi wetu naye aongeze fedha? Nadhani hapana. Muuzaji wa kitabu alikuwa hajui; wakala ajua vizuri sana. Ameiacha ile tofauti kwa hiari, akijua kiasi chake. Tena hiyo inayoitwa thamani ya soko ni upepo mtupu. Mwaka 2017 Porsche ilitoa GT3 Touring, yenye giya za mkono kama 911 R na bila idadi iliyowekwa, na bei za 911 R zikashuka. Waliozinunua kwa walanguzi wakabaki wakihesabu hasara. Mnunuzi hana deni la fedha. Ana deni la kuipokea motokaa kwa namna aliyopewa: aiendeshe, ichakae, imfurahishe. Akikaa nayo miaka mingi kisha akaiuza kwa faida, sioni wa kumlaumu. Amekwisha kuwa mwendeshaji, na mapatano yametimia.

Tena yawezekana haja ikampata kweli. Cena mwenyewe alisema aliiuza ili apate fedha za kulipia gharama zake, na mimi sina sababu ya kubishana naye. Mtu huugua, biashara huanguka, hata kwa matajiri. Mwanafunzi wangu aliniuliza mtu wa namna hiyo afanye nini, naye alidhani amenibana. Nilimwambia arudi kwanza kwa yule aliyemwuzia, amweleze shida yake, na amwambie aichukue kwa bei ile ile aliyoitoa. Wakala akikataa, au akimwambia auze apendavyo, basi amefunguliwa, na auze.

Mwanafunzi wangu alicheka, akasema hakuna wakala duniani atakayekataa.