Khofu ya Mwaka 2000: Je, Ilikuwa Uzushi?

Wako wasemao kwamba khofu ya kompyuta kupotewa na tarehe ilikuwa uzushi mtupu. Mali nyingi ilitumika, na ulipofika usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2000 taa hazikuzimika wala ndege hazikuanguka. Basi, wasema, ulimwengu ulikhadaiwa. Sisi twaona hukumu hii yataka kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Asili ya jambo ni hii. Zamani nafasi ya kuhifadhi khabari ndani ya kompyuta ilikuwa haba na ghali, kwa hivyo mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili za mwisho. 1965 ukawa 65. Ikabainika kuwa mwaka 2000 ungeandikwa 00, na mashine zingeweza kuudhani kuwa ni 1900. Hapo hesabu za umri na za madeni zingepinduka.

Kosa hili lilikuwa la kweli. Huko Sheffield, Uingereza, liliachwa katika kompyuta iliyokadiria hatari ya maradhi kwa watoto walio matumboni. Umri wa mama ulihesabiwa vibaya, na katika mwaka 2000 waja wazito zaidi ya 150 waliambiwa wako salama ilhali sivyo. Ni nani atakayewaambia wao kuwa ni uzushi?

Lakini haki yatulazimu kuusikiliza na upande wa pili. Italia ilijitayarisha kidogo, wala haikupata msiba mkubwa. Hoja hii ina uzito, ingawa programu nyingi huuzwa ulimwengu mzima, na asiyetengeneza hunufaika kwa kazi ya aliyetengeneza. Tena walikuwako waliofanya biashara kwa khofu, wakatabiri kiama cha miji. Hao walivuka mpaka.

Basi tupambanue baina ya mwenye kuonya na mwenye kutisha. Mwenye kuonya huonyesha ufa ulipo na namna ya kuuziba. Mwenye kutisha hutaka tutetemeke tu. Mtu akiuziba ufa, na ukuta usianguke, je, kusimama kwa ukuta ni ushahidi kuwa alisema uwongo? Kinga ikifaa, haionekani. Na kwa hivyo mlinzi hukosa shukrani.

Tarehe 19 Januari 2038 mashine za namna ya zamani, zihesabuo sekunde tangu mwaka 1970, zitaishiwa na nafasi ya kuhesabu. Tusiwacheke wanaozitengeneza leo. Tahadhari kabla ya athari.