Deni la Wazazi na Haki ya Mwenye Kuuguza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Katika masuala yanayoletwa kwenye darsa, liko moja ambalo haliulizwi kwa sauti. Huulizwa watu wakisha kutawanyika, na mwenye kuuliza mara nyingi ni mwanamke, naye huuliza kwa haya kana kwamba kuuliza kwenyewe ni dhambi. Suala lenyewe ni hili: ikiwa mzee ana watoto watano, na mmoja tu ndiye anayemuuguza, je, hao wanne wamesalimika mbele ya Mola wao? Na huyo mmoja akichoka, je, amekuwa mwasi?

Ama kuwatendea wema wazazi, hapana Mwislamu asiyejua kuwa ni fardhi. Katika Sura ya Israa Mwenyezi Mungu ameifungamanisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwafanyia wazazi ihsani, kisha akautaja khasa wakati wa uzee, akakataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchukizwa. Na hekima ya kuutaja uzee si ya kufichika. Baba mwenye nguvu na mali huheshimiwa hata na mtoto mbaya, kwani yako manufaa ya kumheshimu. Lakini mzee anayeuliza jambo moja mara kumi, anayechafua tandiko lake, asiye na cha kutoa wala cha kurithiwa, huyo ndiye mtihani. Hapo ndipo ijulikanapo kama tulikuwa tukimheshimu mzazi au tukiiheshimu mali yake.

Basi na tutazame hali yetu katika miji hii ya pwani. Tuchukue mfano wa bibi mzee aliye katika orofa ya nyumba ya mawe, Mji wa Kale wa Mombasa, na ngazi za nyumba ile ni za kusimama kama ukuta, hata ana miaka hajashuka chini. Mwana wake mmoja yuko Jeddah, wa pili yuko Uingereza, wa tatu ana kazi Nairobi, na wa nne nyumba yake ni mtaa wa pili tu. Huyu wa karibu huja baada ya Isha, akambusu mamake mkono, akauliza, "Mama, waonaje hali?" akakaa robo saa, kisha akaenda zake barazani. Walio ng'ambo hutuma fedha, na kila Idi husifiwa mjini kuwa ni watoto wema. Wa tano ni binti, aliyeachwa na mume au aliyefiwa, naye ndiye aliye ndani.

Yeye ndiye anayemgeuza mama ubavu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili nyama ya nyonga na visigino na chini ya mgongo isioze kwa kulalia upande mmoja. Ndiye anayemwinua na kumkalisha wima kabla ya kumlisha, kwani mgonjwa akilishwa amelala, chakula huweza kuingia njia ya pumzi kikamdhuru kifua. Ndiye ajuaye dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya usiku. Na ikiwa akili ya mama imekwisha kuchakaa, basi ndiye anayeamka kati ya usiku akamkuta mlangoni ameshika buibui, akiomba arudishwe kwao, ilhali yumo nyumbani mwake. Huyu hasifiwi na mtu. Husemwa tu, "Si mwanamke? Ni kazi yake." Na pasipo na binti, mzigo wote hutupwa juu ya mkaza mwana.

Sasa na tuseme ilivyo sharia. Wema kwa wazazi ni wajibu wa kila mtoto, mume na mke, aliye karibu na aliye mbali. Si kama sala ya maiti, ambayo wakiisali wachache hutosha kwa wote. Na katika madhhabu yetu ya Imamu Shafi, mzazi asiye na kitu nafaka yake iko juu ya watoto wenye uwezo. Wanavyuoni hawakuihesabu nafaka hiyo kuwa ni chakula na nguo na makazi tu, bali wametia ndani yake ujira wa tabibu na thamani ya dawa, na mtumishi vilevile, ikiwa mzee amefikilia hali ya kumhitaji. Basi kumwekea mzazi mtu wa kumsaidia si takrima ya matajiri. Ni sehemu ya deni.

Ama mkaza mwana, sharia haikumlazimisha kumtumikia mavyaa yake. Akimtumikia, hiyo ni ihsani yake, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu, na shukrani yake yatakiwa itoke kwa mumewe kabla ya mtu yeyote. Mume anayemwamrisha mkewe kumwosha mamake, kisha yeye akajiona ametimiza haki ya mama, mfano wake ni mtu aliyelipa deni lake kwa kutia mkono katika mfuko wa jirani. Deni huenda limelipwa, lakini yeye hakulipa kitu.

Atasema msemaji: "Mimi niko mbali natafuta riziki, na fedha zangu ndizo zinunuazo hizo dawa." Twasema: kweli, na hatuidharau fedha hiyo, wala hatumwambii kila aliye safarini aache kazi arudi. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa ubavu. Aliye mbali bado ana mlango. Aweza kupiga simu kila siku akazungumza na mama, kisha akazungumza na dada pia na kumuuliza, "Na wewe umelala?" Aweza kulipa mtu wa kusaidia usiku. Na ajapo likizoni, asije kuwa mgeni wa kupikiwa biriani. Aushike yeye usiku wa mwezi ule, dada apumzike. Yule mtu aliyemjia Bwana Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda jihadi, Mtume alimuuliza kama wazazi wake wa hai, kisha akamrejesha kwao, akamwonyesha kuwa jihadi yake iko pale. Hakumwambia awapelekee fedha kisha aende.

Atasema mwingine: "Mimi ni mwanamume. Kumwosha mama si kazi yangu, ni aibu." Twasema: haya ni katika imani, na uchi una hishima yake, na mwanamke kumwosha mwanamke ni bora zaidi. Lakini ni kazi ngapi zisizogusa uchi kabisa? Kumwinua kitandani, kumlisha, kukesha naye, kufua mashuka, kumbeba ngazini kumpeleka hospitali, je, hizo nazo ni za binti peke yake? Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni kuwa baba awapo mgonjwa, mara nyingi ni binti huyo huyo ndiye amwoshaye, na wana wa kiume wamekaa sebuleni. Basi haya hiyo ilikwenda wapi? Inapomfaa mwanamume huitwa haya, na inapompasa kuikumbuka huisahau. Na pasipokuwa na mwanamke, dharura hukadiriwa kwa kadiri yake: mwana atavaa kitambaa mkononi, atainamisha macho, na atamwosha mamake kama yeye alivyooshwa.

Tuje kwenye haki ya mwenye kuuguza, kwani hapa ndipo tunapodhulumu na hatujui. Wako wasemao, "Mwacheni, pepo iko chini ya nyayo za mama, na yeye anaivuna." Ndugu yangu, kama kweli waamini kuwa pepo iko pale, mbona fungu lako umemwachia mwenzio kwa urahisi hivyo?

Salman Alfarisy alipomzuru nduguye Abu Dardaa, alimkuta amejitupa katika ibada, mchana kufunga na usiku kusimama, hata amemsahau mkewe. Akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Bwana Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Ikiwa nafsi ina haki hata mbele ya sala za usiku, ambazo ni baina ya mja na Mola wake, vipi isiwe na haki mbele ya kazi ambayo ndugu wanne wamemtupia mmoja? Kuchoka si uasi. Mgongo ulioumia kwa kuinua, na jicho lisilolala miezi mitatu, hayo si madhambi. Na ulimi wake ukiteleza kwa uchovu, atake msamaha kwa Mungu na kwa mama. Lakini waliomwacha peke yake wasidhani kuwa hawana sehemu katika kosa lile.

Tena wako wanaouguza huku wakijitesa kwa jambo ambalo sharia imelifanya jepesi. Mzee aliyepotewa na akili kalamu imeondolewa juu yake, hadaiwi sala wala saumu, basi hapana haja ya kushindana naye kila adhuhuri. Mwenye akili asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala. Na mzee asiyeiweza saumu hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, akapewa maskini. Dini hii haikuletwa kuwavunja wagonjwa wala wauguzi wao.

Liko tena jambo la mirathi, nalo ndilo livunjalo nyumba nyingi. Binti ameacha kazi yake, amemuuguza mama miaka minane au tisa. Mama amefariki. Ndugu wamekuja, nyumba imeuzwa, na yeye amepewa fungu lake, kisha hana pa kukaa. Mafungu ya mirathi ameyagawa Mwenyezi Mungu mwenyewe, wala hatuthubutu kuyagusa. Lakini mirathi si ujira. Fungu lile angelipata hata kama angekaa mbali kama wengine. Na mama akiandika wasia ampe zaidi, wasia huo haupiti illa warithi wenziwe waridhie, kwani Bwana Mtume (S.A.W.) amezuia wasia kwa mrithi.

Basi dawa yake ni kulitengeneza jambo wazazi wangali hai. Ndugu na wakutane, waulizane ni nani anayekaa na mzee, na ni kitu gani anachokikosa kwa kukaa huko. Aliyeacha riziki yake na apangiwe ujira, uandikwe, na mashahidi watie mikono yao, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni. Mzee akiwa na mali na akili timamu, na akakubali ujira utoke kwake, basi usipolipwa utakuwa deni, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Akiwa hana mali, deni hilo ni la watoto wenye uwezo. Na mama akitaka kumpa binti huyo zawadi kwa ajili ya haja yake, na ampe katika uhai wake na kumkabidhi, kwani zawadi haitimii illa kwa kukabidhiwa, na wengine waelezwe sababu yake ili fitina isipate mlango.

Hatuwezi kumaliza bila ya kuitaja hitima. Mama amekufa, na kwa siku tatu fedha zinatoka kama maji: ng'ombe, magunia ya mchele, mahema na viti. Nao wanavyuoni wa madhhabu yetu wamesema kuwa wafiwa kuwafanyia watu karamu ni bidaa inayochukiza, na kuwa suna ni majirani kuwapikia wafiwa. Lakini tuiache hukumu hiyo, tuulize hesabu tu. Alipokuwa hai, godoro zuri la kumzuia vidonda lilikuwa ghali. Mtu wa kumsaidia dada usiku alikuwa ghali. Fedha hizi zilizopatikana kwa siku tatu baada ya kufa, zilikuwa wapi miaka mitatu kabla ya kufa?

Ama serikali, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa hishima na kupata matunzo kwa jamaa zao na kwa Dola. Na uko mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 umewafungulia mlango wazee wa miaka 70 na zaidi, na walioandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Aliyestahili na ajiandikishe, wala si aibu. Lakini shilingi 2,000 hazimvui mtoto deni lake.

Na misikiti yetu nayo haina udhuru. Kila msikiti wajua ni nani aliyekuwa akisali safu ya mbele na sasa haonekani. Na waandikwe, wazuriwe kwa zamu. Na akina mama wa madrasa waweza kupanga wawili wawili, wakae na mgonjwa saa mbili kwa juma, ili mwenye kuuguza alale, au aende arusini kwa jamaa zake kama watu wengine.

Basi ewe uliyesoma haya, usingoje mpaka uitwe kwenye mazishi. Usiku huu mwulize ndugu yako aliye na mzee, "Zamu yangu ni lini?" Akikwambia hapana haja, usikubali, kwani amezoea kusema hivyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu walio hai na waliokufa, awatie nguvu wenye kuwauguza, na atuwafikishe sote kulipa madeni yetu wangali hai tunaowadaiwa. Amin.